Kabla hujalipia kipimo cha HLA-B27, chora kwanza ukoo wako, upande wa mama na wa baba

Hii nawaandikia watu wa huku kwetu Mtwara na Lindi ambao nyumbani wana mgonjwa wa viungo, mgongo, ngozi au macho asiyepona, halafu daktari katamka neno "vinasaba" au mmepewa karatasi ya maabara imejaa herufi na namba hamna anayewaelezea. Mimi sio daktari, ila hii njia nimeipita na kaka yangu na tuliingia gharama ambayo tungeweza kuiepuka kama tungejua pa kuanzia.

Kaka yangu, tumbo moja baba mmoja, alianza kuumwa mgongo wa chini akiwa na miaka 26. Yani anaamka saa kumi alfajiri mgongo umekaza kama kafungwa ubao, anatoka uani anazunguka zunguka, ikifika saa mbili asubuhi umeachia anaenda shamba kama sio yeye. Kila mtu akasema ni magunia ya korosho, na kweli anabeba magunia kwa hiyo hakuna aliyebisha. Mwisho akapelekwa Dar, hospitali moja sina haja ya kuitaja, wakamfanyia kipimo cha HLA-B27, yani alama ya vinasaba inayohusishwa na ugonjwa wa mgongo, kwa hela ndefu, jibu likaja negative, akaambiwa mgongo wako hauna ugonjwa wowote wa kurithi nenda kapumzike. Akapumzika, na kupumzika ndo kukazidi kumkaza, tukapoteza miaka miwili hivi hivi.

Sasa shida haikuwa kipimo, kipimo kilisema kweli kwamba hiyo alama hana. Shida ni jinsi jibu lilivyosomwa, na hakuna hata mmoja aliyeulizia upande wa baba nani mwingine anaumwa.

Ngoja nieleze hiyo alama ni nini maana usipoielewa huko mbele utapotea. HLA ni kundi la jeni, yani vinasaba, ambazo ziko kwenye kromosomu namba 6, kazi yake ni kuzipa seli zako kama kitambulisho ili askari wa kinga ya mwili wajue huyu ni wa nyumbani huyu ni mgeni. Vitambulisho hivi viko vya aina nyingi sana, kila aina ina namba yake, kwa hiyo HLA-B27 maana yake ni jeni ya HLA, ile ya B, aina ya 27. Kila mtu ana seti mbili, moja ya mama moja ya baba. Kuna aina zikiwepo zinaongeza uwezekano wa kinga kuchanganyikiwa ikaanza kumpiga mwenye nyumba, ndo haya magonjwa tunayoyasema ya kinga kujishambulia, baridi yabisi ya vidole, lupasi inayoshika ngozi, viungo na figo, soriasisi ya ngozi, kisukari aina ya kwanza kinachowapata sana watoto na vijana, na huu wa uti wa mgongo unaokakamaa, madaktari wanauita ankylosing spondylitis.

Mwaka 1973 watafiti wa London na wenzao wa Los Angeles, kila kundi kivyake, waligundua kwamba wagonjwa wa mgongo wa aina hii karibu wote wana B27. Kwa Wazungu ni kama wagonjwa 90 kati ya 100. Namba hiyo ndo imeingia kwenye vitabu na ndo iliyomponza kaka yangu, kwa sababu Wazungu wenyewe hata wasioumwa karibu 8 kati ya 100 wanayo, wakati huku kusini mwa Sahara sehemu nyingi hata mtu 1 kati ya 100 humpati. Alama ambayo kwetu haipo kabisa au ni adimu hivyo, mtu kutokuwa nayo hakuthibitishi kitu, ni sawa na kumtafuta mwizi kwa kuangalia nani kavaa koti la manyoya halafu upo Newala. Mgonjwa wa Kiafrika anaweza kuwa na ugonjwa wenyewe kabisa na B27 hana. Togo waliwakuta wagonjwa na aina nyingine, HLA-B*14:03, na Zambia hapo jirani B*57:03.

Na upande wa pili nao ushike. Mtu akiwa nayo B27, kati ya watu 100 kama yeye wanaokuja kuumwa mgongo huo ni kama 5 tu. Wengine wote wanazeeka nayo na hawajui. Kwa hiyo positive sio hukumu, na negative sio cheti cha afya, hasa kwa ngozi yetu.

Watu wa huku sikoseli tunaijua, na nadhani ndo inayotuchanganya. Sikoseli ni jeni moja, baba akibeba na mama akibeba basi kila mimba ina nafasi 1 kati ya 4 ya mtoto kuumwa, hesabu imenyooka. Haya magonjwa ya kinga hayako hivyo. Ni jeni nyingi ndogo ndogo, kila moja inasukuma kidogo, na juu yake kuna mambo ya nje kama maambukizi, homoni, sigara. Pacha wa kufanana kabisa, jeni zao ni zile zile, mmoja akiwa na baridi yabisi mwenzie anaipata kama mara 15 tu kati ya 100. Ndo maana historia ya ukoo ikiandikwa vizuri inaweza kumsaidia daktari kuliko kipimo kimoja cha alama moja, ukoo unabeba jeni zote kwa pamoja, hata ambazo hazijapewa jina.

Sasa tuje kwenye kazi. Chukua kaunta buku au karatasi kubwa ya manila, peni na penseli. Anza na mgonjwa katikati. Mwanaume chora mraba, mwanamke duara, hiyo ndo lugha ya madaktari dunia nzima. Juu yake weka mama na baba, juu yao babu na bibi wa pande zote, ubavuni ndugu, chini watoto kama wapo. Vizazi vitatu vinatosha. Anayeumwa unamkolezea kivuli, aliyefariki unampiga mstari, na pembeni unaandika ALIANZA kuumwa akiwa na umri gani, sio alifariki na umri gani tu, maana mgongo ulioanza na miaka 25 na ulioanza na 60 ni hadithi mbili tofauti.

Hapa ndo penye kosa la kwetu, na nalisema kwa uchungu kwa sababu ndilo lililotuchelewesha. Sisi Wamakonde, Wamwera, Wayao, Wamakua, ukoo tunauhesabia kwa mama. Mjomba ndo mwenye neno, ukiniuliza ndugu wa mama nakutajia mpaka wa Msumbiji, ukiniuliza wa baba nakutajia wawili. Baba yetu alikuwa Mmwera wa kule upande wa Nyangao, alifariki tukiwa wadogo, tukakulia kwa wajomba Newala. Daktari wa kwanza alipouliza nyumbani kuna mwenye tatizo kama hili mama akajibu hapana, na hakudanganya, kwao hakuna. Ila jeni haifuati mila, nusu umepewa na mama nusu umepewa na baba, hata baba mwenyewe humkumbuki sura. Kwa hiyo karatasi yako ikiwa upande wa mama imejaa na upande wa baba ni nyeupe, bado hujaanza, panda gari uende.

Kitu kingine ni majina ya undugu, Kiswahili chetu ni kitamu lakini kwa kazi hii kinaficha. "Mama mdogo" anaweza kuwa mdogo wake mama kabisa, anaweza kuwa mke wa baba mdogo ambaye damu hamchangii hata tone. "Kaka" anaweza kuwa mtoto wa mama mkubwa. "Babu" ndo usiseme, kila mzee wa mtaa ni babu. Kila jina unaloandika uliza, huyu na mama ni baba mmoja mama mmoja? Baba mmoja mama mbalimbali? Au ni wa kuoa? Wa kuoa mwandike kwa penseli ili watoto wake waeleweke, lakini ugonjwa wake usiuhesabu kwenye damu yako.

Na usiende kwa wazee ukauliza "kuna mtu alikuwa na lupasi?" Watakuangalia tu. Majina ya hospitali hawakuwa nayo, walichonacho ni macho, walimuona mtu akiishi. Uliza vitu vinavyoonekana:

Nani vidole vyake vilivimba na kupinda, akawa asubuhi hawezi kukuna nazi wala kubangua korosho mpaka jua lipande?

Nani mgongo ulikuwa unamuuma usiku na alfajiri, akifanya kazi unaachia, na uzeeni akawa anatembea kainama?

Nani jicho lilikuwa linakuwa jekundu, linauma, hataki kuona mwanga, linapona halafu baada ya miezi linarudi?

Nani jua lilikuwa linamtoa wekundu mashavuni, nywele zinakatika, viungo vinauma, au mimba zilikuwa zinaharibika mara nyingi?

Nani alikuwa na magamba meupe kwenye viwiko na magoti, au mbalanga, au rovu shingoni huku anakonda na mapigo ya moyo yanakimbia, au sukari iliyomuanza akiwa mtoto?

Kila jibu linataka swali la pili, kwa sababu huku tuna maelezo mengine mengi. Mafuta ya ganda la korosho yanaunguza ngozi, kwa hiyo mikono ya mbanguaji kubabuka sio lazima iwe soriasisi. Kibiongo kinaweza kuwa TB ya uti wa mgongo, na hiyo inatibika kabisa, kwa hiyo uliza kama alikuwa anakohoa, anakonda, anatoka jasho usiku. Mbalanga na ukoma watu wa zamani walivichanganya, na mtu alitengwa kwa hilo, uliza taratibu.

Mzee akikwambia huyo alirogwa usibishane naye. Andika alichokiona, "miguu ilivimba, uso ulivimba, mkojo ukawa na povu, alikuwa na miaka 30". Hiyo kwa daktari ni habari ya figo, na lupasi inapenda sana figo. Imani ya mzee iache palepale, umefuata ushahidi na kakupa.

Mimi nilienda kwa shangazi yetu, dada wa baba wa damu, nikamkuta anaanua mihogo. Nikamuuliza la mgongo akasema wetu wote tulikuwa wazima. Nikamuuliza la jicho, akanyamaza, akaweka ungo chini. Akasema kaka yao mkubwa, yani baba yetu mkubwa ambaye sisi hatukumjua, kila mwaka msimu wa kupuliza salfa jicho la kushoto lilikuwa jekundu kama pilipili, anajifungia ndani siku nyingi, wote wakajua ni salfa maana Juni mpaka Agosti kila mkorosho unapulizwa kwa ajili ya ubwiriunga, ule ukungu wa mikorosho, na vumbi lile kweli linawasha macho. Nikamuuliza, lilikuwa jicho moja au yote mawili? Akasema moja. Na miezi isiyo ya salfa? Akafikiri sana, akasema eeh, hata Ramadhani moja ya masika lilimshika. Salfa haichagui jicho moja na masika haipulizwi. Halafu yeye mwenyewe bila kuulizwa akasema, na alikuwa anageuka mwili mzima ukimuita, shingo haizunguki.

Ugonjwa huu wa mgongo unaweza kushika na jicho, na ukipanda unakakamaza shingo. Hayo mawili, jicho na shingo kwa mtu mmoja, ndo niliyoyaandika pembeni ya mraba wa baba mkubwa, na kaka alipoenda nayo kliniki daktari aliyesoma ile karatasi hakutaka tena kipimo cha vinasaba, aliagiza picha ya eneo nyonga inapoungana na uti wa mgongo, na tatizo likaonekana. Leo yuko kwenye dawa za kushusha uvimbe na mazoezi ya kila asubuhi, na mazoezi sio nyongeza, ni nusu ya tiba.

Ukishachora, ndo sasa ujiulize kama kipimo cha alama kinahitajika. Muulize daktari kwa adabu tu, "dokta, jibu likija ndiyo utabadilisha nini, na likija hapana utabadilisha nini?" Kama kote kote atafanya kilekile, hiyo hela ipeleke kwenye picha au nauli ya kliniki. Kwa B27, kipimo kinasaidia pale ambapo dalili zipo, yani umri wa kuanza ni chini ya miaka 45, maumivu yamezidi miezi mitatu, kukakamaa asubuhi kunazidi nusu saa, kutembea kunasaidia, kulala hakusaidii, lakini picha haijaonyesha wazi. Kumpima mtoto mzima asiyeumwa kitu eti kwa sababu baba yake anaumwa, mimi binafsi nakataa, utampa mtoto hofu ya maisha kwa alama ambayo hata akiwa nayo huenda isimfanye kitu.

Mkikubaliana kupima, ni damu kidogo tu ya mkononi, inaingia kwenye kichupa chenye kifuniko cha zambarau, huna haja ya kufunga kula. Uliza maabara wanapima wenyewe au wanasafirisha sampuli, na jibu linarudi lini, maana kukaa Dar wiki mbili unasubiri karatasi ni gharama kuliko kipimo. Na hii naomba uikariri, kipimo cha vinasaba kinafanywa MARA MOJA maishani. Jeni hazibadiliki. Ukihamia hospitali nyingine wakataka kurudia waonyeshe karatasi ya kwanza. Kwa hiyo dai nakala iliyochapishwa, usikubali kuambiwa kwa mdomo.

Usichanganye na vipimo vingine ambavyo vinakuja kwenye karatasi hiyohiyo. ANA, rheumatoid factor, anti-CCP, hizo sio alama za vinasaba, ni kingamwili, zinapanda na kushuka na zinaweza kurudiwa. Rheumatoid factor inaweza kuja positive kwa sababu ya TB, homa ya ini, hata malaria ambayo pwani yetu haituachii, bila mtu kuwa na baridi yabisi. ESR na CRP zinakwambia tu kuna moto unawaka mwilini, hazisemi unawaka wapi. Baridi yabisi ina alama zake za jeni pia, ziko kwenye HLA-DRB1, lakini daktari wa kawaida hahitaji kuzipima ili akutibu, anahitaji kuona vidole na anti-CCP. Unachohitaji kujua wewe ni kwamba mwenye alama hizo akivuta sigara hatari inapanda sana, kwa hiyo kama kwenu vidole vimepinda na unavuta, acha hata bila kipimo.

Kuna kipimo cha aina hii ambacho "hapana" yake ina nguvu, HLA-DQ2 na DQ8, ya ugonjwa wa utumbo kukataa ngano. Usipokuwa nazo zote mbili ugonjwa huo karibu hauwezekani. Ukiwa nazo haina maana kubwa, sehemu nyingi duniani karibu theluthi ya watu wanazo na wanakula chapati vizuri tu.

Na malaria nimeitaja, kuna jambo linanigusa kila nikilifikiria. Kuna jeni inaitwa FCGR2B, kazi yake ni kama breki ya kinga. Aina moja ya jeni hii breki yake ni legelege, na aliyeirithi kwa mama na kwa baba pia ana hatari zaidi ya lupasi. Utafiti uliotoka 2010 ukaonyesha kwamba watoto wa Kenya walioirithi hivyohivyo walikuwa na kinga zaidi dhidi ya malaria kali. Kwa hiyo mama mwenye lupasi anayeambiwa ana damu mbaya, inawezekana kabisa kabeba kitu kilichowavusha bibi zake kwenye homa zilizoua wenzao. Hiyo niliwahi kumwambia jirani yangu hapa Mikindani anayeumwa lupasi, akalia, akasema miaka yote alijua ni adhabu.

Mambo mawili ya mwisho ya kuwa nayo makini. Moja, neno "DNA" usilitaje kwenye kikao cha ukoo. Watu wazima wakilisikia wanawaza Mkemia Mkuu na kesi ya mtoto ni wa nani, utafungiwa milango. Sema "daktari anataka historia ya magonjwa", ndo ukweli wenyewe. Na ikitokea bibi akakuvuta pembeni akakunong'oneza kwamba fulani baba yake sio yule, usiandike jina, weka alama ya kuuliza ndogo kwa penseli na mwambie daktari mkiwa wawili. Karatasi hii ni ya mgonjwa, sio ya kupitisha mtandaoni.

Mbili, zile huduma za kutuma mate nje ya nchi wakurudishie ripoti ya hatari zako, kumbuka hesabu zao nyingi zimetengenezwa kwa damu ya Wazungu. Jeni kama PTPN22 wanayoihesabu sana kwenye baridi yabisi na kisukari, ile aina yake ya hatari kwa Waafrika karibu haipo, kwa hiyo "hatari ndogo" watakayokupa inaweza kuwa ni kimya tu cha namba zisizokuhusu.

Ukimaliza piga picha karatasi yako, halafu yenyewe iweke kwenye mfuko wa nailoni pamoja na majibu, nenda nayo kila kliniki na uitoe kabla hujaulizwa. Upande wa baba acha nafasi. Shangazi bado ananipigia simu jioni, juzi kakumbuka binamu wa Nachingwea aliyekuwa na magamba kwenye viwiko, mtoto wa dada yao wa tumbo moja, nikamuuliza yalimuanza na umri gani, akasema ngoja nimuulize mama yake kesho.